Jua ni la Wote

Juzi asubuhi redio ya mgahawani kwangu hapa Mikumi ilitangaza kwamba wiki hii mwezi utapatwa. Nilikuwa nageuza chapati. Dereva mmoja wa lori, wa wale wanaokunywa chai wima kwa kuogopa foleni ya mizani, akauliza, "Utapatwa na nini?" Mwenzake akamjibu, "Na wake wawili, kama wewe." Meza nzima ikacheka, nami nikacheka, maana biashara ya chakula haitaki mtu wa kununa. Lakini chapati ile iliungua, na mimi chapati huwa siunguzi.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, na unisamehe nikianza na mambo ya sarufi. Mimi si mwalimu. Ila kuna neno moja nimekaa nalo tangu utotoni, nimeligeuza upande huu na upande ule, na nadhani sasa nalijua kuliko walioandika kamusi. Mtu hupatwa na homa. Hupatwa na ajali, hupatwa na msiba, hupatwa na njaa. Siku zote kuna hiyo "na", na mbele yake kuna kitu unachoweza kukitafutia dawa, au walau kukilaani. Jua na mwezi ndivyo vinavyopatwa hivihivi, bila "na". Hakuna anayesema vimepatwa na nini. Na nyumbani kwetu alikuwepo mtu mmoja aliyepatwa namna hiyohiyo ya jua, naye alikuwa mama yangu.

Tuliishi Kilosa, Mabwerebwere, katika nyumba ya bibi mzaa baba. Baba alikuwa mtu wa reli, wa genge la kukarabati njia, akikaa kambini wiki nzima na kuja nyumbani kwa kushtukiza, akiwa na harufu ya grisi na mfuko wa mkate. Mwenye nyumba hasa alikuwa bibi. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala, na yeye ndiye aliyeamua leo ni kunde au ni kisamvu. Ukitaka kuujua mtaa ule ulivyokuwa, fumba macho usikilize: mashine ya kusaga inakohoa upande wa barabarani, mtwangio unapiga nyumba ya pili, treni ya mizigo inalia ikikaribia stesheni, na kwa jirani yetu mama muuza vitumbua mafuta yanachachatika tangu alfajiri. Harufu ya hiliki ilikuwa inatufuata mpaka shuleni. Shule yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba zetu, karibu kiasi kwamba bibi aliweza kuniita akiwa jikoni na darasa zima likasikia.

Mama alitoka Ruaha, kule jirani na Kidodi, kwenye miwa. Alikuwa mwanamke wa mdomo mwepesi na mikono myepesi zaidi, na kwangu mimi mapenzi yake yote yalikuwa katika kunituma. Lete mwiko. Puliza moto. Kaangalie kama maji yametoka bombani. Hujaondoka? Nilinung'unika, mtoto gani hanung'uniki, lakini nilikimbia, na nikirudi alikuwa ameshafikiria jambo jingine la kunituma. Bibi alikuwa akituangalia akiwa kwenye kigoda chake. Alikuwa na msemo aliopenda kuutoa ndugu wa mama wakija na mikungu yao ya ndizi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliusema kwa kicheko, na wageni nao walicheka, lakini siku ya tatu kweli walikuwa wanapewa jembe.

Kisha akazaliwa mdogo wangu wa kiume. Mama alimnunulia beseni la buluu la kumwogeshea, zuri kuliko chombo chochote mle ndani, na sikuruhusiwa kuliwekea hata kikombe. Mtoto hakukaa. Alizikwa asubuhi moja, watu wakala, wakakunja majamvi, wakaenda zao. Mwanzoni walisema mama ana majonzi, na majonzi kwetu yana kipimo chake. Arobaini ikishapita unatarajiwa urudi jikoni. Ikapita, mama hakurudi. Alikaa kitandani akiangalia ukuta, na kanga ileile aliyozikia. Chakula kiliingia na kutoka vilevile kilivyo. Nilikuwa nasimama mlangoni makusudi, nijionyeshe, labda atakumbuka kitu cha kunituma. Hakunituma.

Siku moja jirani muuza vitumbua akauliza juu ya ua, "Mama, mkweo hajambo?" Bibi alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Akasema, "Amepatwa."

Basi. Likawa ndilo jibu la nyumba. Shemeji yake akija aliambiwa amepatwa. Baba akirudi kutoka kambini aliambiwa bado amepatwa, naye aliitikia kwa kichwa na kwenda kunawa. Hospitali ilikuwa umbali wa kumaliza kula muwa mmoja kutoka kwetu. Bibi aliwahi kunipeleka kule kwa jipu, akanibembeleza njia nzima. Lakini mama hakupelekwa, kwa kuwa jipu lina mahali na neno lile halina. Siku hizi hapa Mikumi namsikia muuguzi wa kliniki akiwaeleza wajawazito wazi kabisa kwamba kuna ugonjwa humshika mama baada ya kujifungua, una dalili, una dawa, msimfiche mtu. Husimama chini ya mti wa kliniki akisema kwa sauti ya kawaida, kama anaeleza bei ya nyanya. Mara ya kwanza nilipomsikia ilinibidi nigeuke nijifanye natafuta chenji.

Wakati huohuo mwalimu wetu wa sayansi akatuambia jua litapatwa. Alikuja darasani na chungwa, mpira wa soksi na tochi, akatuonyesha nani anapita mbele ya nani. Akatuagiza kila mwenye beseni nyumbani alete, tutatia maji na kuliangalia jua humo, maana juu halitazamiki. Kisha akasema maneno niliyoyameza mazimamazima. "Kupatwa si kufa. Kuna kitu kimepita mbele yake tu. Kikishapita, jua mtalikuta palepale, halijapungua hata chembe." Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, na mtu akipatwa je?" Alikuwa anafuta ubao, na darasa lilikuwa limejaa pomoni. Akanijibu bila kugeuka, "Vilevile. Hupita."

Huwezi kujua nilivyotembea kurudi nyumbani siku ile. Watu wazima wote walikuwa na neno, lakini mimi peke yangu nilikuwa na maana yake.

Siku ilipofika nikalivuta beseni la buluu kutoka uvunguni. Mama hakugeuka. Tukaliweka uwanjani pamoja na mengine, tukachuchumaa kulizunguka, na jua likaonekana humo ndani limemegwa pembeni kama biskuti. Mwanga ukachujuka ukawa wa chai ya rangi. Kuku wa mwalimu mkuu wakasimama, hawajui walale au wale. Ndipo mtaa mzima ukalipuka kwa kelele. Wazee wetu walikuwa wanaamini kilichopatwa lazima kidaiwe, kwa hiyo walipiga masufuria, masinia, debe, chochote chenye sauti, wakikipigia kelele hicho kilicholishika jua. Nikaitambua sauti ya bibi juu ya zote. "Liache! Liache jua letu! Liache!" Mwalimu akatukataza kucheka. Nasi hatukucheka, tulikuwa tunatazama maji, na polepole ile sehemu iliyomegwa ikaanza kujaa, mpaka jua likawa zima. Nyuma ya ukuta wa shule wazee wakaanza kupeana habari, nyumba kwa nyumba: "Limeachwa. Alhamdulillah, limeachwa."

Nilimwaga maji nikakimbia na beseni kichwani. Bibi alikuwa amekaa uani, jasho linamtiririka, sufuria yake imebonyea, ana furaha ya mtu aliyefanya kazi ikaonekana. Nikamwuliza jambo ambalo kwangu lilikuwa rahisi kabisa: "Bibi, mbona mama hatumpigii?"

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Jua ni la wote, mjukuu wangu," akasema. "Mama yako ni wa kwao."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomweleza mtoto lipi jembe letu na lipi la jirani. Nimesikia matusi mengi maishani, barabara kuu hii ina matusi ya nchi tatu, lakini sijasikia maneno makatili kuliko yale. Na jioni ileile bibi huyohuyo alinipakulia ugali na mlenda, akanichagulia kipande cha samaki kisicho na miiba. Nilimpenda sana, na ningali nampenda, na hilo linanikera mpaka leo. Ningekuwa na bibi mbaya tu ningepumzika.

Kesho yake bibi alikwenda kusaga. Nikachukua sufuria ile iliyobonyea na mwiko, nikasimama mbele ya mlango wa mama, nikapiga kwa nguvu zangu zote. "Mwache! Mwache mama yangu! Mwache!" Jirani akaacha vitumbua akachungulia. Nikaendelea kupiga. Mlango ukafunguka. Mama alikuwa hajachana nywele, na macho yake yalikuwa yanauona mwanga kwa shida. Akaniangalia mimi, akaiangalia sufuria. "Utaitoboa sufuria ya watu," akasema. "Irudishe jikoni, na lile jivu ukalizoe."

Alinituma. Nilizoa jivu la jiko zima na la jana yake, nikafagia mpaka palipokuwa safi. Mlango ulijifunga tena, lakini mimi nilijua ile sehemu iliyomegwa imeanza kujaa, na kwamba kilichobaki ni kusubiri kidogo tu.

Bibi aliporudi nikampokea unga kwa habari hiyo. Mama amesema! Nikamweleza neno kwa neno. Bibi akanitaka nirudie. "Kasema sufuria ya watu?" Nikasema ndiyo. Akaguna. "Umesikia mwenyewe. Hata yeye anajua hapa si kwao." Wewe unajua, rafiki yangu, kila mama wa Kiswahili anajua, kwamba mtoto akishika kitu hovyo kitu hicho ni cha watu, hata kama umekinunua mwenyewe kwa jasho lako. Mama alikuwa ananikaripia kama zamani. Bibi akasikia anaaga.

Nisikudanganye kwamba ni sufuria iliyomwondoa mama. Jambo lilikuwa limeshapikwa, lilikuwa linasubiri kupakuliwa. Wiki hiyohiyo baba aliitwa kutoka kambini, na asubuhi wakaketi uani na wazee wawili, mimi nikaambiwa nipitie vitumbua kwa jirani niende shule. Jirani alikuwa anamgeuzia mteja vitumbua vyake. Hakuniona nyuma ya mteja yule. Akasema kwa sauti ya chini, "Ndiyo hivyo. Ameachwa."

Nakuomba ulisikie neno hilo kwa masikio ya mtoto niliyekuwa mimi. Wiki nzima nilikuwa nalisikia. Bibi alipiga sufuria akisema liache, na jua likaachwa, na watu wakamshukuru Mungu. Mimi nilipiga sufuria nikisema mwache, na sasa mtu mzima, shahidi aliyechungulia kwa macho yake, anasema ameachwa. Sikungoja vitumbua. Nilikimbia nikaingia mstarini nikihema, nikamwambia mwalimu wa sayansi mbele ya watoto wote, kwa furaha ambayo sijawahi kuipata tena: "Mwalimu, mama ameachwa!"

Watoto waliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliweka mkono kichwani kwangu, ukakaa pale muda mrefu, nami nikadhani furaha imemzidi. Akaniambia nikakae. Wakati wa mapumziko msichana mmoja mkubwa akanivuta pembeni, akanieleza kuachwa ni nini kwa mwanamke, akanieleza na mengine yote yanayofuata, kwa ufasaha wa mtu aliyeyaona kwao. Nilipofika nyumbani basi la Mikumi lilikuwa limeshaondoka na mama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Beseni la buluu limefunikwa juu ya kichanja, na baadaye bibi alilitumia kulowekea mahindi. Nilipofungua mdomo kuuliza, bibi akasema, "Kula kwanza." Nikala.

Sasa hapo ndipo ninapolichukia lile neno. Kila nilipouliza habari za mama jibu lilikuwa lilelile. Kunde zikavunwa, mvua zikaja, baba akaoa mke mwingine, mwanamke mpole asiye na kosa, na mimi nikauliza tena. "Bado, mjukuu wangu. Amepatwa." Lione lenyewe lilivyo. Halisemi alipatwa, ambalo lingekuwa na mwisho. Linasema amepatwa, na mtu akiambiwa amepatwa hadai tarehe, haulizi nani kamwona mara ya mwisho. Nilivunja ungo amepatwa. Nilimaliza shule amepatwa.

Nilikuja Mikumi kutafuta maisha nikiwa mwanamke mzima. Kila siku mbele ya mgahawa makondakta wanaita Kidodi, Ruaha, Kidodi, Ruaha, na kwa muda mrefu nilikuwa nasikia kelele tu. Siku moja nikavua aproni nikapanda. Sikuwa na picha wala anwani. Nilidhani nitauliza nyumba ya mwanamke aliyepatwa, na watu watanionyesha kwa kidevu.

Sikuuliza. Nilishuka pale malori ya miwa yanaposimama, barabara imetapakaa maganda, na kutoka kwenye banda moja la chai nikasikia sauti ikimwambia binti: "Puliza moto. Lete mwiko. Hujaondoka?" Nilimjua mama yangu kwa kutuma kwake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Chai au uji?"

Mwanangu ni neno la kila mteja, nami ninalitumia. Nikamtajia jina langu, alilonipa mwenyewe. Akaitua birika taratibu, akaifunika, akaikagua kama imefungika vizuri, ndipo akanitazama.

Alikuwa amepona zamani. Nataka ulielewe hilo, kwa sababu mimi lilinichukua muda kulielewa. Kaka yake alimpeleka hospitali wiki aliyofika, akapewa dawa, na msimu wa miwa uliofuata alikuwa ameshasimama anauza chai. Mwalimu alisema kweli, kile kilichokuwa mbele yake kilipita na yeye alikuwa palepale, hajapungua chembe. Nikamwuliza mbona hakuja. Akasema, "Nilikuja mara mbili. Nikakaa barazani kwa yule muuza vitumbua, nikamtuma aniitie. Bibi yako akarudisha jibu kwamba mtoto akiniona na yeye atapatwa." Akakwangua meza kwa kucha. "Nikaona bora unikose."

Bibi amekufa sasa. Nilimwosha kwa mikono yangu, nikamlilia kwa haki. Nyumba ya Mabwerebwere iliingiliwa na maji ya mafuriko, ukuta mmoja umelala, na hakuna aliyeujenga. Jirani alihama, na harufu ya hiliki ilihama naye. Treni ya umeme inapita kwenye njia yake mpya kimya kimya. Ukienda leo kumwuliza kijana wa mtaa ule kwa nini watu walipiga masufuria, ataitazama simu yake na kukueleza habari za kivuli cha mwezi, na atakuwa sahihi kabisa.

Jana nilifunga mgahawa mapema nikaenda Ruaha. Nimekwenda mara nyingi tangu siku ile, kila sikukuu na siku zisizo sikukuu. Mama hunipokea mzigo, hunitandikia mkeka mpya, na kila nikienda ananichinjia kuku. Nimemwambia aache, dagaa watatosha, hasikii. Anaulizia hali ya biashara na kuitikia vizuri majibu yangu, nami namwulizia bei ya sukari. Nikamwambia habari za redio, kwamba mwezi utapatwa. Akasema, "Utaachiwa," akaendelea kunyonyoa.

Maji ya ugali yalianza kutokota. Binti wa mjomba alikuwa ametumwa dukani, kuni zilikuwa zinatoa moshi, na mwiko ulikuwa pale juu ya kifuniko. Nikainuka nikaushika. Nilikuwa nimeshamwaga unga mkono wa kwanza mama alipofika nyuma yangu, akanibandua vidole kwenye mwiko kimoja kimoja, kwa upole, jinsi unavyomzuia mgeni wa heshima asijichafue.

"Acha, mama, nitasonga mimi," akasema. "Wewe umetoka safari. Kaa."

Nikakaa.